Mwenyeji na Mgeni Mbugani: Historia ya Burudani za Nje na Vivutio vya Utamaduni katika Mbuga za Magharibi mwa Kanada, 1885–2020

Ikisiri

Insha hii inachunguza jinsi maeneo ya burudani za nje na vivutio vya utamaduni yalivyoundwa katika majimbo ya Manitoba, Saskatchewan na Alberta kuanzia mwaka 1885 hadi mwaka 2020. Historia ya maeneo hayo imezoeleka kusimuliwa kama historia ya uhifadhi wa mazingira na ukuaji wa utalii. Insha inadai kuwa simulizi hiyo haijitoshelezi kwa kuwa huanzia kwenye lango la hifadhi na kuiacha kando ardhi iliyochukuliwa ili lango hilo lijengwe. Kwa kurejelea Ziwa Clear katika Hifadhi ya Taifa ya Riding Mountain, maonyesho ya Calgary, urejeshaji wa nyati na vituo vya urithi vilivyofunguliwa tangu mwaka 1987, insha inaonyesha kuwa wenyeji wa asili waliondolewa kwanza, wakaalikwa baadaye kama maonyesho, na hatimaye wakaanza kurejea kama wenyeji wenye sauti. Vigezo vitatu vinapendekezwa katika kuupima urejeo huo: usimulizi, mamlaka na ardhi.

1.0 Utangulizi

Neno mbuga limepitia mabadiliko ya maana katika Kiswahili. Katika matumizi ya awali lilimaanisha uwanda ulio wazi wenye nyasi, mahali pa kulishia mifugo na kupita wasafiri. Leo wazungumzaji wengi wanapolisikia hufikiria kwanza mbuga ya wanyama, yaani mahali penye mpaka, lango, kiingilio na askari wa kulinda. Uwanda umegeuka hifadhi, na aliyekuwa akipita kwa haki ya kuzaliwa sasa hupita kwa tiketi. Mabadiliko yaliyotokea katika maana ya neno hili yanafanana na yale yaliyotokea ardhini katika mbuga za magharibi mwa Kanada.

Mbuga hizo zimeenea katika sehemu za kusini za majimbo ya Manitoba, Saskatchewan na Alberta, na zinaendelea kusini kuingia Marekani. Ni ardhi ya jamii nyingi, zikiwemo Cree, Anishinaabe, Dakota, Nakoda na jamii za Blackfoot, ambazo ni Siksika, Kainai na Piikani. Aidha, ni nyumbani kwa Métis, watu waliotokana na ndoa za wenyeji na wafanyabiashara wa manyoya kutoka Ulaya. Katika insha hii, istilahi Mataifa ya Kwanza inatumika kwa jamii za wenyeji wa asili zinazotambuliwa kwa jina hilo nchini Kanada. Istilahi eneo tengwa inatumika kwa ardhi iliyobakizwa kwa ajili yao kwa mujibu wa mikataba na sheria, ili isichanganywe na hifadhi ya taifa. Tofauti kati ya aina hizi mbili za ardhi ndiyo kiini cha mjadala unaofuata.

Swali linaloiongoza insha ni hili: katika maeneo ambako watu huenda kupumzika, kuogelea, kupiga kambi na kujifunza utamaduni, nani ni mwenyeji na nani ni mgeni? Swali linaonekana jepesi, lakini jibu lake limebadilika mara kadhaa ndani ya kipindi kinachochunguzwa. Kila badiliko lilihusu maisha ya watu, makazi yao na haki yao ya kuishi walipozaliwa.

2.0 Mbuga kabla ya Lango

Kwa maelfu ya miaka uchumi wa mbuga hizi ulimtegemea baisoni, yaani nyati wa Amerika Kaskazini. Alitoa nyama, ngozi za mahema na mavazi, mifupa ya zana na kano za kushonea. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1880 makundi makubwa ya nyati yalikuwa yametoweka katika mbuga za Kanada kutokana na uwindaji uliopita kiasi, hasa wa kibiashara. Njaa ikafuata. Katika kipindi hichohicho, kati ya mwaka 1871 na 1877, serikali ya Kanada ilitia saini mikataba saba ya mwanzo yenye namba na Mataifa ya Kwanza. Jamii nyingi zilihamia katika maeneo tengwa zikiwa zimekwisha kupoteza tegemeo lao kuu la chakula.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1872 iliwapa walowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10, kwa sharti la kuishi hapo na kulima. Reli iliyokamilika mwaka 1885 ikarahisisha ujio wao. Mwaka huohuo, baada ya upinzani wa Métis na baadhi ya Mataifa ya Kwanza kushindwa kijeshi, maofisa walianzisha utaratibu wa pasi: mkazi wa eneo tengwa alitakiwa kupata kibali cha wakala wa serikali kabla ya kutoka. Utaratibu huo haukuwa na msingi katika sheria iliyotungwa na bunge, lakini ulitekelezwa kwa miongo kadhaa. Hivyo basi, wakati mlowezi alipopewa uhuru wa kusafiri kwa reli kwenda kujiburudisha, mwenyeji wa mbuga alihitaji karatasi ili kumtembelea ndugu yake.

Jambo jingine la kuzingatia ni jiografia ya burudani zenyewe. Uwanda wa nyasi ulithaminiwa kwa ngano na ng'ombe, nao ukalimwa kwa kasi. Huko Manitoba, chini ya asilimia 1 ya mbuga za nyasi ndefu ndiyo iliyosalia. Mkulima aliyeshinda mwaka mzima mbele ya upeo usio na mti alipotafuta mapumziko aliufuata mti, kilima na maji. Kwa sababu hiyo hifadhi za mwanzo zilizolengwa kwa burudani za watu wa mbuga ziliwekwa pembezoni mwa nyasi: Prince Albert katika Saskatchewan mwaka 1927 na Riding Mountain katika Manitoba mwaka 1929. Burudani ya mbugani ilianza kwa kuipa mgongo mbuga, na maji na misitu iliyotafutwa ilikuwa na watu wake.

3.0 Burudani na Uhamishaji: Mfano wa Ziwa Clear

Riding Mountain ni nyanda ya juu yenye misitu na maziwa inayoinuka ghafla kutoka katika tambarare ya Manitoba. Upande wake wa kusini kuna Ziwa Clear. Jamii ya Anishinaabe ya Keeseekoowenin, iliyomo katika Mkataba wa Pili wa mwaka 1871, ilikuwa na eneo tengwa kusini mwa nyanda hiyo, karibu na Elphinstone. Mwaka 1896 serikali iliwatengea pia kipande cha ardhi ufukweni mwa Ziwa Clear kwa ajili ya uvuvi, kikasajiliwa kwa namba 61A. Familia ziliishi hapo, zikavua samaki na kuwinda katika misitu ya jirani.

Hifadhi ya taifa ilipoundwa mwaka 1929, kipande hicho kilijumuishwa ndani ya mipaka yake. Sheria ya wakati huo iliweka utaratibu wa wazi: ardhi ya eneo tengwa haikuweza kuchukuliwa kwa matumizi mengine bila jamii husika kuridhia na kuisalimisha rasmi. Kwa namba 61A usalimishaji huo haukufanyika. Ramani mpya ilichorwa juu ya ramani ya zamani kana kwamba ile ya zamani haikuwahi kuwapo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mdororo mkuu wa uchumi. Serikali iliwaweka wanaume wasio na ajira katika kambi za kazi ndani ya hifadhi, wakajenga barabara na majengo ya magogo ambayo hadi leo yanasifiwa kwa ufundi wake. Hifadhi ilifunguliwa rasmi mwaka 1933. Mji wa mapumziko uliokua kando ya ziwa uliitwa Wasagaming, neno la asili lenye maana ya maji maangavu. Wageni walipata ufuko wa kuogelea, uwanja wa gofu, viwanja vya kambi na nyumba ndogo za kiangazi. Mwaka 1936 familia za Keeseekoowenin ziliondolewa katika ardhi yao ya ziwani na nyumba zao zikachomwa moto.

Matukio haya mawili, ufunguzi wa mwaka 1933 na uchomaji wa mwaka 1936, kwa kawaida huandikwa katika vitabu tofauti. La kwanza huwekwa katika historia ya utalii na la pili katika historia ya wenyeji wa asili. Insha hii inashikilia kuwa ni tukio moja. Ufuko ulioonekana mtupu mbele ya macho ya mgeni ulikuwa umefanywa mtupu. Jina la mji lilichukuliwa kutoka katika lugha za watu wa asili wa eneo, ilhali wazungumzaji wa lugha za aina hiyo hawakuruhusiwa kulala kando ya maji hayo. Hapa utamaduni ulibakizwa kama pambo baada ya wenye utamaduni kuondolewa.

Inaweza kujengwa hoja kwamba maofisa wa hifadhi waliongozwa na nia njema ya kulinda samaki na wanyama. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa kuwa uhifadhi wa zama hizo uliamini kuwa mazingira ya asili ni yale yasiyo na makazi ya watu. Hata hivyo, katika ziwa hilohilo mgeni aliruhusiwa kujenga nyumba ya kiangazi na kuvua kwa ajili ya kujifurahisha. Kilichokatazwa ni makazi na uvuvi wa mtu aliyetegemea ziwa kwa riziki. Kwa hiyo mpaka uliowekwa haukutenganisha watu na mazingira. Ulitenganisha watu na watu.

Jamii ya Keeseekoowenin haikulinyamazia suala hilo. Madai yake yalisikilizwa hatimaye, na mwaka 1994 sehemu kubwa ya ardhi ya namba 61A ilirejeshwa. Ilikuwa imepita miaka 58 tangu nyumba zichomwe. Wengi wa waliofukuzwa hawakuishi kuiona siku hiyo.

4.0 Ngoma Iliyokatazwa, Ngoma Iliyoalikwa

Wakati ardhi ikichukuliwa, utamaduni nao uliwekewa masharti. Marekebisho ya sheria ya mwaka 1895 yalipiga marufuku sehemu muhimu za ibada za wenyeji wa asili, zikiwemo taratibu zilizoambatana na Ngoma ya Jua ya jamii za mbuga. Marekebisho ya mwaka 1914 yaliwazuia wenyeji wa majimbo ya magharibi kushiriki ngoma nje ya maeneo yao au kujitokeza katika maonyesho kwa mavazi ya asili bila ruhusa ya serikali. Makatazo haya yaliondolewa sheria ilipofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1951.

Katika kipindi hichohicho, waandaaji wa maonyesho ya miji waligundua kuwa umati ulitaka kuyaona mambo yaleyale yaliyokuwa yakikatazwa. Guy Weadick, mwanamaonyesho mzaliwa wa Marekani, alipoandaa Stampede ya kwanza ya Calgary mwaka 1912, alitaka Mataifa ya Kwanza ya Mkataba wa Saba yashiriki. Idara ya serikali iliyowasimamia ilipinga, ikidai kuwa maonyesho yaliwatoa mashambani na kuwarudisha nyuma. Ruhusa ilipatikana baada ya wanasiasa wenye ushawishi wa Calgary kuingilia kati. Jamii hizo zilifika, zikapita mitaani katika gwaride na kusimika mahema yao. Katika mashindano ya kupanda farasi wakali, Tom Three Persons wa Kainai alimpanda farasi aliyeitwa Cyclone na kutwaa ubingwa. Tangu mwaka 1923 tamasha hilo likawa la kila mwaka.

Hali hii ina kinaya. Ngoma iliyochezwa nyumbani kwa ajili ya imani ilimpeleka mtu mahakamani. Ngoma iliyochezwa mjini kwa ajili ya watazamaji ilimletea malipo. Serikali ilitaka utamaduni ufe, na soko la burudani lilitaka ubaki, ila kwa ratiba yake. Pamoja na hayo, itakuwa kosa kuwaona washiriki kama vyombo tu vya maonyesho. Kwa watu waliozuiwa kusafiri, tamasha lilikuwa njia ya kukutana na ndugu wa maeneo tengwa mengine, kubadilishana farasi, kuvaa mavazi ya wazee hadharani na kuwafundisha watoto nyimbo. Waliingia kwa mlango walioachiwa, na wakautumia kwa makusudi yao. Ndiyo maana uhusiano wa jamii za Mkataba wa Saba na tamasha la Calgary umedumu kwa zaidi ya karne moja, na mwaka 2018 kambi yao iliyokuwa ikiitwa Kijiji cha Wahindi ilipewa jina jipya la Kambi ya Mto Elbow.

5.0 Kurejea kwa Nyati

Hakuna kivutio kinachoonyesha historia hii kwa uwazi zaidi kuliko nyati mwenyewe. Mwaka 1907 serikali ya Kanada ilinunua kundi la nyati kutoka kwa Michel Pablo wa Montana, mfugaji aliyezaliwa na mama wa jamii za Blackfoot. Asili ya kundi hilo ilikuwa ndama wachache waliookolewa na wenyeji wa asili wakati wanyama wengine wakimalizwa. Usafirishaji uliendelea hadi mwaka 1912, na zaidi ya nyati 700 waliletwa kwa treni. Baadhi walibaki Elk Island, mashariki mwa Edmonton. Wengi walipelekwa katika Hifadhi ya Taifa ya Buffalo karibu na Wainwright, katika ardhi ya mchanga isiyofaa kwa kilimo.

Serikali ilisifiwa kwa uokoaji huo, na wageni walikwenda kuwatazama wanyama nyuma ya uzio. Hata hivyo, nyati waliongezeka kupita uwezo wa malisho, wakaugua kifua kikuu, na hifadhi hiyo ikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Ardhi yake ikakabidhiwa jeshi. Kundi la Elk Island ndilo lililodumu. Kutoka huko nyati 71 walipelekwa mwaka 2005 katika Hifadhi ya Taifa ya Grasslands, kusini mwa Saskatchewan, hifadhi iliyoanzishwa kwa ajili ya kulinda nyasi zenyewe. Burudani iliyoipa mgongo mbuga katika miaka ya 1920 ilikuwa sasa imegeuka kuitazama.

Desemba 2019 ndama kutoka Grasslands walifikishwa Wanuskewin, eneo la urithi karibu na jiji la Saskatoon. Mnyama aliyeokolewa na mikono ya wenyeji wa asili, akauzwa, akazungushiwa uzio na kugeuzwa kivutio, alirejea mahali ambapo mababu wa jamii za mbuga walimwinda kwa maelfu ya miaka. Mwaka 2020 nyati wa Wanuskewin, kwa kugaragara vumbini kama ilivyo kawaida yao, walifukua mawe yenye michoro ya kale iliyochongwa. Wanaakiolojia walikuwa wamefanya kazi katika bonde hilo kwa miongo kadhaa bila kuyaona.

6.0 Usimulizi, Mamlaka na Ardhi

Tangu miaka ya 1980 vituo vya urithi vya mbuga za Kanada vimebadili namna ya kuwasilisha historia. Mabadiliko hayo, hata hivyo, hayalingani kote. Vigezo vitatu vinasaidia kuyatofautisha.

Kigezo cha kwanza ni usimulizi: nani anamweleza mgeni maana ya mahali? Head-Smashed-In Buffalo Jump, kusini mwa Alberta, ni jabali ambalo wawindaji waliwaswagia nyati hadi wakaporomoka. Lilitumika kwa takriban miaka 6,000, na mwaka 1981 liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Kituo chake kilifunguliwa mwaka 1987, na waelekezaji wake wengi wamekuwa watu wa Piikani na Kainai. Mgeni husikia habari za jabali kutoka kwa wazao wa waliolitumia. Hayo ni mafanikio makubwa yakilinganishwa na gwaride la mwaka 1912. Hata hivyo, mahali penyewe ni mali ya serikali ya jimbo.

Kigezo cha pili ni mamlaka: nani anaamua kipi kionyeshwe na kipi kifichwe? Wanuskewin, iliyofunguliwa mwaka 1992, ilipangwa kwa ushauri wa wazee wa Mataifa ya Kwanza, ambao waliendelea kuwa na nafasi katika uongozi wake. Jambo hili lina umuhimu kwa kuwa mambo matakatifu si yote yanayofaa kuwekwa kwenye kioo. Jamii yenye mamlaka inaweza kumwambia mgeni kuwa sehemu fulani haipigwi picha, na mgeni akaheshimu.

Kigezo cha tatu ni ardhi. Blackfoot Crossing, kandokando ya Mto Bow, ndipo Mkataba wa Saba ulipotiwa saini mwaka 1877. Kituo cha kihistoria kilichofunguliwa hapo mwaka 2007 kimo ndani ya eneo tengwa la Siksika na kinaendeshwa na Siksika wenyewe. Hapa vigezo vyote vitatu vinakutana: anayesimulia ndiye anayeamua, na anayeamua ndiye mwenye ardhi. Mgeni anapopita langoni anapokelewa na mwenyeji kwa maana kamili ya neno.

Kwa kutumia vigezo hivi, Ziwa Clear linasomeka upya. Urejeshaji wa mwaka 1994 haukuzalisha jengo maarufu la makumbusho wala tamasha la kuvutia umati, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuachwa nje ya historia ya vivutio. Kwa kigezo cha ardhi, lakini, ni miongoni mwa matukio makubwa kabisa katika historia hiyo, kwa kuwa uligusa msingi ambao burudani yote ya ziwani ilijengwa juu yake.

7.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kuwa burudani za nje na vivutio vya utamaduni katika mbuga za magharibi mwa Kanada vilikua kupitia hatua zinazohusiana: kuondolewa kwa wenyeji katika ardhi, kualikwa kwao kama maonyesho, na kurejea kwao kama wasimulizi, waamuzi na, katika maeneo machache, wamiliki. Hatua ya mwisho haijakamilika, na haiendi kwa kasi moja katika kila mahali.

Kwa watafiti, matokeo haya yana maana ya kimbinu. Idadi ya wageni, ubora wa majengo na uzuri wa maonyesho ni taarifa muhimu, lakini haziwezi kutangulia swali la hati ya ardhi. Mtafiti anayeanzia langoni ataiona hifadhi. Anayeanzia kwenye usajili wa namba 61A ataiona hifadhi pamoja na moshi wa mwaka 1936.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo inamtazamia mgeni kuwa baraka, lakini inachukulia jambo moja kuwa limekwisha kutimia, kwamba mwenyeji yupo nyumbani kwake. Katika ufuko wa Ziwa Clear sharti hilo lilivunjwa kwa miaka 58, na kwa muda wote huo wageni waliogelea.